Aliyechomoa Plagi

Kitale tukisikia ngurumo tunachomoa. Hakuna anayengoja kuambiwa. Runinga, friji, chaja ya simu, vyote vinatolewa ukutani, kwa sababu kila mtu ana jirani aliyewahi kuunguziwa kitu na radi. Bungoma ni vivyo hivyo. Sijui basi ni akili gani iliyonituma kumlaumu mwanamke mmoja kwa jambo tulilokuwa tukilifanya sote.

Nilikuwa fundi wa mitandao katika kampuni ya kuuza mbegu na mbolea. Makao makuu yalikuwa Kitale, tawi lilikuwa Bungoma, na ofisi hizo mbili ziliunganishwa kwa VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti ya kawaida, kila ofisi ikiwa na rauta yake, kisanduku kinachoelekeza mawasiliano. Rekodi zote za stoo zilikaa Kitale. Njia ikikatika, karani wa Bungoma hawezi kuuza hata pakiti moja, na mkulima aliyetoka Ndalu alfajiri anarudi mikono mitupu huku akimtukana. Karani mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mjane, anayefungua ofisi kwa maombi.

Msimu huo wa kupanda, njia ikawa inakatika kila baada ya mvua. Nampigia simu: "Mama, umechomoa rauta?"

"Nimechomoa, injinia. Si radi ilikuwa inapiga? Lakini nimerudisha, na taa zote ni kijani."

Mimi huyo mbio kwa meneja: Bungoma wamechomoa tena! Kisha nafungua daftari langu, naandika upya amri zote kwenye rauta ya Kitale, mtandao unarudi, naenda kunywa chai. Injinia kweli! Sikujiuliza hata siku moja kwa nini ugonjwa uwe Bungoma na dawa niipake Kitale.

Meneja akachoka. "Nenda ukaone kwa macho yako," akaniambia. "Kama ni huyo mama, aende nyumbani."

Nilifika Bungoma asubuhi baada ya mvua kubwa, na njia ilikuwa imekatika. Mama aliniwekea chai na nduma, akasimama nyuma ya kiti changu. "Injinia, nisaidie bana. Wanasema nitafutwa. Na kitinda mimba wangu ndio ako kidato cha nne."

Kwa kuwa nilikuwa upande wa pili, nililazimika kutafuta kosa kama fundi. Nikatuma ujumbe wa majaribio kwenda Kitale. Ulifika vizuri. Jibu ndilo halikurudi. Nikaingia kwenye rauta ya Kitale kutoka pale pale Bungoma, kwa kupitia intaneti ya kawaida, nikasoma orodha ya njia zake, na mstari wa Bungoma haukuwemo. Kitale ilikuwa inapokea salamu na haijui pa kuzijibia, inayatupa majibu nje kwenye intaneti ya kila mtu.

Mstari huo niliuongeza mimi, siku tawi lilipohamia jengo jipya. Niliuandika, sikuuhifadhi. Amri ya kuhifadhi haikuwemo hata kwenye daftari langu. Kila rauta ya Kitale ilipozimwa, mstari ulifutika. Na nani alikuwa akiichomoa rauta ya Kitale ngurumo ikianza? Mimi, kwa mkono huu huu.

Nikauandika tena, safari hii nikauhifadhi. Haikuchukua hata dakika moja. Skrini ya mama ikafunguka. "Asante Yesu!" akapiga makofi.

Simu yangu ikalia. Meneja. "Ehe? Alichomoa jana?"

Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, akimimina chai nyingine. Nilikuwa na nafasi. Niliogopa kupoteza kazi yangu, nisiseme uongo hapa. Nikajibu, "Ndiyo, alichomoa." Basi. Neno la kweli kabisa, na ndilo ovu kuliko yote niliyowahi kusema.

Mwezi ule ule akaachishwa kazi. Mvua zikaendelea, njia haikukatika tena, na meneja akanisifu mbele ya wafanyakazi wote: mnaona, tangu yule mama aondoke? Wakanipigia makofi. Nikasimama, nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Mwanaharamu mimi.

Mwaka jana nilimkuta sokoni Ndalu, anauza vitunguu. Alinitambua yeye kwanza. "Injinia! Hata husalimii watu?" Akanipimia vitunguu huku akicheka, kisha akauliza, "Na ile mtandao ilipona?"

"Ilipona, mama."

"Haikatikangi tena?"

"Haikatiki."

Akatumbukiza mkono ndani ya gunia. "Kumbe ilikuwa mimi kweli. Na vile nilikuwa nabisha! Mimi nilikuwekea kinyongo, nikasema ni wewe umeniharibia. Unisamehe, mwanangu."

Akaniongezea vitunguu viwili vikubwa juu ya vyangu. Nikamwambia nimemsamehe.