Kiungo cha Trela Ndani ya Majivu

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Mazwi, na ni mwanamke, kwa hiyo nimezoea kutoaminiwa. Na mimi simwamini mtu. Anayeleta chuma huku akiapa ni kizuri, huyo ndiye namwangalia mara mbili.

Asubuhi moja ya Julai, upepo ukikata masikio, alikuja mzee mkulima kutoka Mpui. Alibeba kiungo cha trela lake, kile kipande kinene kinacholifunga kwenye trekta. Kilikuwa kimepasuka, na wiki ile walikuwa wanaanza kubeba mahindi. Juu ya magunia hupanda wajukuu zake. Nilimpa shikamoo, nikakishika kipande.

"Chuma gani hiki, mzee?"

"Kizuri. Kina karatasi."

Akatoa nakala ya cheti alichopewa dukani. Kilidai kwamba kaboni haizidi kiwango cha chuma kinachokubali kuchomelewa. Machale yakanicheza. Namba iliyotokeza kwenye chuma haikufanana na ya kwenye karatasi. Mzee wa watu alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikagusisha grainda ukingoni. Badala ya mistari mirefu ya cheche, zikatoka fupi, zikipasukapasuka. Kaboni ilikuwa nyingi. Chuma cha namna hiyo ni kigumu, ila ukikichomelea kikiwa baridi, au kikipoa haraka, hupasuka pembeni mwa pale ulipochomelea.

Nikakipasha juu ya mkaa, nikachomelea kidogo kidogo, nikakizika kwenye nusu pipa la majivu ya moto. Nikamwambia kikae humo mpaka jioni.

"Mpaka jioni?" Alilitazama pipa. "Mbona wenzako wanakabidhi hapo hapo?"

Nilijua anachowaza. Wapo mafundi wanaobadilisha spea za watu, na wametuchafulia jina sote. Hata hivyo iliniuma. Nikaenda kula wali maharage kwa jirani, nusu kwa njaa, nusu kwa hasira.

Niliporudi majivu yalikuwa yamesawazishwa vizuri mno. Mimi huwa sisawazishi majivu. Na mikono ya koti la mzee ilikuwa nyeupe.

"Umekitoa?"

"Hapana, mama."

Nikakifukua, nikakigonga kwa nyundo ndogo. Sauti ilikuwa imekufa. Nilipokifuta nikauona ufa mwembamba kama unywele, umefuata ukingo wote. Upepo ulikuwa umekipoza kwa dakika chache tu.

Nilikasirika. "Mzee, hiki kingekatikia mteremkoni, watoto wakiwa juu."

Akakaa kwenye tofali. "Nilikitoa kwa koleo lako nione alama yangu," alisema polepole. "Nilikikwaruza kwa msumari nyumbani, usije ukanibadilishia."

"Umeiona?"

"Ipo."

Nikaona aibu kidogo, maana ningekuwa yeye ningefukua mapema zaidi. Nikausaga ufa wote, nikaanza upya. Safari hii alikataa kubanduka kwenye pipa, na mimi nikakataa kumwacha nalo. Tukakaa huku na huku, kila mmoja akimlinda mwenzake, mpaka chuma kikapoa chenyewe.

Nilikigonga mbele yake, kikalia vizuri. Nikautafuta ufa, sikuuona.

"Kwa hiyo wajukuu wapande?" aliuliza.

Nikakigonga tena, nikasikiliza.

"Magunia yapande," nikamwambia. "Wao watembee."