Kichwa Namba Kumi na Tisa

Kazi yangu ni ya kukaa. Nyumbani kwetu Langoni, Lamu, feni juu, kompyuta mbele, nachota mawimbi ghafi kutoka kwenye picha za ubongo. Nachagua sehemu ya ubongo, programu inanipa mstari unaopanda na kushuka kwa zile dakika zote mtu alizolala ndani ya mashine. Picha huja kwa namba, bila majina. Mkuu wa utafiti, aliyeko Nairobi, alitaka mistari iliyotulia; kichwa kikitikisika, nikate kipande hicho na niandike kina kasoro. Namba kumi na tisa nilimkata karibu mstari wote. Nilikuwa nakula mkate wa mofa huku nakata.

Kisha shangazi yangu akaja na barua ya watafiti. Alikuwa miongoni mwa wazee waliopelekwa Mombasa kupigwa picha hizo. Barua ilisema ubongo wake una dalili za kudhoofika. Pembeni, juu, kumeandikwa kumi na tisa.

Nikaiweka barua mezani, nikamvutia shangazi kiti.

Shangazi ni mwalimu wa chuo. Nusu ya mtaa imesoma Kurani mbele yake, nami nikiwemo. Wanawe walishaisoma barua ile wakamfungia chuo, wasije watoto wakasomeshwa makosa. Yeye alitaka kusikia kwangu, ati mimi ndiye mjuzi wa vichwa.

"Mle ndani ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Walinambia nifumbe mato, nitulie. Nimelazwa kama maiti mwanandani, mwanangu, nisisome? Hakuya mtu kunambia nisilete tasbihi."

Mzee gani wa Lamu atalazwa kwenye tundu kama lile, anyamaze? Watafiti wangeweza kutolijua hilo. Mimi je?

Niliurudia mstari wake, mbichi, bila kukata; kumbe kichwa kilikuwa kikitikisika kwa tasbihi. Unapanda, unashuka anapovuta pumzi, unapanda tena; mara tatu, kisha unaanza upya. Nikashika tasbihi nikaufuata kwa mwendo wake wa kusoma: thelathini na tatu, pumzi, thelathini na tatu, pumzi, thelathini na nne. Hakupotea hata mara moja. Ubongo mbovu gani huo?

Nikampigia mkuu simu, nikamweleza habari ya tasbihi.

"Hizo ni kelele tu, dada," akasema. "Na ripoti imeshatoka."

Alikuwa anatafuna. Sauti ile ya mate na chakula ilinitia kinyaa mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Halafu nikaukumbuka mkate wangu wa mofa, nikajionea kinyaa zaidi.

Jioni nilikwenda kwa shangazi nikamwambia yote: barua haina ukweli, imetokana na vipande vichache vilivyobaki, na aliyekata ni mimi. Akanisikiliza, akasema haidhuru. Akataka kunisomea Yasin, kama afanyavyo kila nikimzuru, kwa moyo, huku amefumba macho.

Safari hii aliinuka kwanza, akautoa msahafu shubakani. Akaufungua mapajani, akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza.

"Nisiye nikakosa," akasema.