Kikombe cha Tisa

Watu wakisikia kazi yangu ni kuonja chai, hucheka kwanza, halafu huniuliza kama kuna nafasi nyingine. Huwa nawaacha wacheke. Hawajui kwamba kwa asubuhi moja mimi huvuta mdomoni chai ya vikombe themanini, kwa kishindo, mpaka mashavu yanachoka, na simezi hata tone. Nikimaliza, ndoo ya kutemea imejaa nami nina kiu. Nyumbani nakunywa maji moto tu.

Chumba chetu cha kuonjea kiko nyuma ya kiwanda kidogo nje ya mji wa Kericho. Dirisha ni kubwa na linatazama mashamba, lakini asubuhi nyingi huyaoni mashamba, unaona ukungu umesimama kwenye kioo. Vikombe vyeupe hupangwa safu, kila kimoja na kifuniko chake na nambari yake. Majani yanapimwa, maji yanayochemka yanamiminwa, tunangoja dakika sita bila kuzungumza, kisha naanza. Zamani zilikuwa zile chembechembe nyeusi za kupikwa na maziwa, basi. Siku hizi wateja wanataka majani mazima: chai nyeupe ya vichipukizi vichanga, chai ya rangi ya zambarau, majani yaliyosokotwa kwa mkono. Na wanataka ladha. Tangawizi naikubali. Mchaichai naukubali ukikaushwa vizuri. Rozimari kidogo, sawa. Lakini kuna bwana mmoja wa Kipkelion aliniletea chai ya nanasi, nikamwuliza chai imemkosea nini mpaka aifanyie hivyo. Hajarudi.

Ndivyo nilivyo, mdomo wangu mkali, na kwa miaka mingi niliuringia. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma chai kwenye shamba kubwa. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, nikaanza kwa kuosha vikombe, nikapanda mpaka nikapewa kijiko cha kuonjea. Nikaolewa na Mkipsigis wa upande wa Bomet. Mama mkwe wangu alinipokea bila maneno mengi, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikipsigis changu kidogo zaidi. Aliniita mtoto, nami nikamwita mama, na mengine tuliyamaliza kwa kuandaliana chakula.

Alifariki mwaka jana, msimu wa mvua ndefu. Hakuugua sana. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na chai yake, tukafunga mlango, na mume wangu akatia ufunguo mfukoni.

Wiki mbili baada ya mazishi, nikiwa kazini, nilionja chai nyeupe ya kawaida kabisa nikasikia moshi.

Niseme ni moshi gani. Si wa kuni, wala si wa jiko lililounguza kitu. Ni ule wa mkaa wa mti wa senetwet, ambao mama wa Kikipsigis husugua nao ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa yagande yawe mursik. Ukishawahi kuonja mursik huwezi kuukosea. Una uchungu kidogo, una jivu, na nyuma yake kuna utamu wa maziwa. Kwenye chai ni kasoro mbaya, kwa sababu majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu.

Nikavuta kikombe kingine: safi. Kingine: safi. Nikarudi kwa kile, moshi. Mwonjaji mwenzangu ni mzee wa Kapsoit, mtu mpole, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Nikamwita.

"Onja hii, mzee."

Akavuta, akatema, akafikiri. "Iko sawa, madam."

"Hakuna moshi?"

"Moshi gani?"

Nikatazama nambari. Kilikuwa kikombe cha tisa. Wakati huo sikutilia maanani. Lakini kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Vikombe vinane safi, cha tisa moshi, cha kumi safi. Chai ya mdalasini, chai ya zambarau, chai ya iliki, haikujali. Siku ya nne nikamwomba mzee avipange upya mimi nikiwa nimegeukia ukuta, na asiniambie lolote. Akavipanga. Nikageuka, nikaanza kutoka kushoto. Chai ile ya tangawizi iliyokuwa na moshi dakika kumi zilizopita sasa ilikuwa ya tatu, na ilikuwa safi. Moshi ulikuwa umebaki mahali pake, kwenye cha tisa.

Mzee aliniangalia nikikivuta tena na tena.

"Nenda uone daktari," akasema.

Nikaenda. Daktari akanitazama ulimi, pua, koo, akasema niko sawa kuliko yeye. Niliporudi, mkurugenzi akaniambia mwisho wa mwezi wanunuzi wangekuja kutoka nje na kwamba ningeonja mbele yao, niseme mwenyewe kila chai ilivyo. Nikasema hakuna shida. Niliogopa sana. Mwonjaji asiyeuamini ulimi wake anarudi kuosha vikombe, na mimi nilitoka huko.

Asubuhi moja nilifika mapema kuliko wote. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Nikiwa natafuta ufunguo kwenye mkoba, nikasikia ndani mtu akivuta chai. Mlio huo siwezi kuuchanganya na mwingine, ni mlio wa kazi yangu. Mara moja tu, kisha kimya. Nikadhani mzee amenitangulia. Nikafungua, hakuna mtu. Vikombe vilikuwa vimefunikwa kama tulivyoviacha jana yake, vikavu. Kifuniko cha tisa kilikuwa kimewekwa pembeni, kwa adabu, juu chini. Nilisimama nje kwenye baridi mpaka wenzangu walipokuja, na sikuwaambia.

Siku hiyo ndipo nilipokubali kukumbuka jambo ambalo nilikuwa nalizunguka.

Miaka minne nyuma, wakulima wadogo wa upande wa Bomet walianza kusokota chai kwa mkono nyumbani, na sisi tukawa tunaenda kuwahukumia mara moja kwa mwaka, katika ukumbi wa kanisa. Kila mtu analeta mkebe wake, mkebe unapewa nambari, jina halitajwi. Hukumu inasemwa kwa sauti, mbele ya wote. Mama mkwe alikuwa amejifunza kusokota akiwa mzee tayari, na sikujua kama angeleta. Nilimwona ukumbini, lakini nikadhani amekuja kuniangalia.

Baada ya kikombe cha nane tulipumzika. Akina mama wakaleta chakula, na mimi nikakataa vyote, kwa sababu siku ya kuonja sili vitunguu wala viungo. Lakini mama mkwe alikuja na kibuyu chake amekipamba shanga, akanimiminia kikombe kizima cha mursik, akasimama kungoja ninywe. Watu walikuwa wanatazama. Mkwe hakatai maziwa ya mama wa bwana. Nikanywa, nikamshukuru, nikasukutua maji mara mbili, nikarudi mezani.

Nikaonja cha tisa. "Hii ina moshi," nikasema, na kwa sababu ukumbi ulikuwa umechangamka nikaongeza: "Haya majani yamelala kitanda kimoja na vibuyu. Mwageni." Watu wakacheka sana. Mpaka mwisho, wenye mikebe walipoitwa kuichukua, ndipo nilipoona nani anaenda kuchukua wa tisa. Mama mkwe aliuweka chini ya shuka lake, akanipungia mkono, akaenda.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini moyoni nilijitetea: moshi ni moshi, hata uwe wa mama. Hatukulizungumza kamwe. Kitu kimoja tu kilibadilika. Kabla ya hapo, nikimtembelea, alinipikia chai ya shamba lake. Baada ya hapo, kila nikija, nilikuta pakiti mpya ya majani ya dukani mezani, na ndiyo aliyonipikia. Miaka minne. Niliona ni adhabu, na nikaona ninastahili, na bado niliudhika.

Jumamosi nikamwambia mume wangu anipe ufunguo. Akasema tutaenda wote.

Tulifika saa nane mchana, ukungu bado haujaondoka. Nyumba ilikuwa baridi. Vibuyu vilining'inia kwenye ukuta wa jikoni, vitano, midomo chini, isipokuwa kimoja kilichosimama mezani na kifuniko chake cha ngozi. Mume wangu akakishika ili akitundike, akakirudisha pale pale.

"Kina maziwa," akasema.

Nyumba ilikuwa imefungwa zaidi ya mwezi. Ng'ombe walikuwa kwa jirani tangu siku ya mazishi. Nikakigusa, kilikuwa kizito, na hakikuwa na harufu ya kuoza. Hatukukifungua. Mume wangu alitoka nje akasema anaangalia ua, na sikumlaumu.

Mkebe niliupata kabatini, chumbani kwake, mbali kabisa na jikoni. Ulikuwa umefungwa kwa kitambaa mara mbili, na nambari ya siku ile ukumbini bado imebandikwa: tisa. Majani yalikuwa yamepungua kidogo tu. Nikawasha jiko, nikachemsha maji, nikangoja dakika sita nikiwa nimekaa kwenye kiti chake cha chini. Kisha nikavuta.

Haikuwa na moshi. Nikavuta tena, nikitafuta kwa bidii, kwa sababu nilitaka uwepo. Chai ilikuwa nyepesi, imezeeka kidogo, tamu mwishoni kama muwa uliokaa juani, na safi. Kwa mazoea nikaitema kwenye jivu. Ndipo akili ikanijia, nikasikia haya mpaka masikio yakawaka. Mkebe ulikaa mbali na vibuyu. Moshi ulikuwa kwenye ulimi wangu. Ulitoka kwenye kikombe cha mursik alichonipa yeye mwenyewe kwa heshima, na chai ya kwanza niliyoonja baada yake ndiyo iliyoubeba. Mtu wa mwaka wa kwanza kazini asingesahau jambo hilo. Mimi nilisukutua mara mbili nikajiona nimemaliza.

Nililia pale jikoni, mbele ya kile kibuyu. Nikasema, "Mama, nilikosea," kwa Kiswahili, halafu kwa Kikipsigis changu kibovu.

Jumatatu kikombe cha tisa kilikuwa safi. Mwisho wa mwezi wanunuzi wakaja, nikaonja mbele yao bila shida, na mkurugenzi akanipa mkono. Mume wangu alirudi Bomet kuchukua vibuyu vigawiwe dada zake. Akaniambia kile cha mezani alikikuta kikavu, chepesi, kina buibui ndani.

Ningeweza kuishia hapo, na hakuna ambaye angejua. Lakini siku ya kuhukumu ilipofika, ukumbi ule ule wa kanisa, nilibeba ule mkebe. Mzee wa Kapsoit, ambaye nilikuwa nimemweleza yote, akaninong'oneza, "Madam, ukisema hivyo, nani atakuamini tena?" Hilo nilikuwa nimeliwaza usiku na mchana. Nikapanga vikombe, na kwenye nafasi ya tisa nikaweka chai ya mama. Nikasimama nikawaambia: miaka minne iliyopita nilisema chai hii ina moshi, mkacheka kwa sababu niliwachekesha. Moshi ulikuwa mdomoni mwangu. Chai ilikuwa nzuri na mwenyewe hayupo kunisikia.

Hakuna aliyecheka. Akina mama wakatazamana. Halafu mmoja akasimama, jirani wa mama mkwe kwa miaka yote, mwanamke mzee aliyevaa kofia ya sufu.

"Alijua," akasema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Ile jioni tulifika kwake, akapika hiyo chai, tukakunywa sisi wote. Haikuwa na moshi. Akakaa, akaangalia kibuyu, akaanza kucheka peke yake. Akasema, kumbe ni mimi nimeharibu ulimi ya mtoto na maziwa yangu. Akatukataza tusiseme kwa mtu."

Nikauliza swali ambalo sikupanga kuliuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeonewa. Nikasema, basi kama hakuwa na kinyongo, mbona miaka yote ile alininunulia majani ya dukani.

Yule mama akanitazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jua linatoka wapi.

"Ungeonja yake nyumbani ungejua umekosea," akasema. "Na alisema ukijua, utaanza kuogopa ulimi yako, na hiyo ndiyo kazi yako. Alikuwa anatembea mpaka sokoni kutafuta hiyo pakiti, na miguu yake ilikuwa mbaya."

Kijiko kilikuwa mkononi mwangu na ndoo ilikuwa karibu na mguu wangu. Nikaweka kijiko chini. Nikachukua kikombe cha tisa kwa mikono miwili, nikanywa chai yote mbele yao, nikameza.