Chumvi ya Zambarau na Maji ya Betri

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi kwenye shamba la ngano la serikali, huku kwetu Hanang. Nilikuwa kijana wa maabara, nimetoka kijijini Gitting na cheti cha kidato cha nne, na nilijiona msomi hata kutembea nilitembea kwa madaha.

Mkubwa wangu alikuwa mzee Tluway, mtu mpole, kutwa nzima yuko kwenye hadubini akichunguza punje za ngano. Kabatini alitunza chumvi ya osmiamu, dawa ya kukolezea punje kabla ya kuzitazama, ya zambarau, nzuri kuitazama. Alishanionya: kwenye maji ya magadi chumvi ile hutulia, lakini ikikutana na asidi hutoa mvuke unaounguza macho. Niliitikia "ndiyo mzee" huku nawaza chakula cha mchana.

Siku hiyo tulitarajia wageni. Mzee alipokwenda kunywa chai, nikaona chupa yenye masalia ya zambarau yaliyoganda. Mafundi wa trekta waliondoa kutu kwa maji ya betri, basi nami nikayaomba kidogo, nikayamimina humo ili chupa itakate. Haikunijia akilini kabisa kwamba yale ni asidi. Zambarau ikapotea, ukabaki uchafu mweusi na harufu kali kama dawa ya kutibu maji. Macho yakaniwasha, nikatoka nje.

Mzee akarudi. "Harufu gani hii? Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, mzee."

Aliniamini, mwanangu. Akaingia kutafuta chupa inayovuja, akiziinamia moja moja, nami nimesimama mlangoni nikiogopa kufukuzwa kazi. Nilipopata ujasiri wa kusema kwamba nimemimina maji ya betri, uso wake ulikuwa tayari juu ya chupa yangu.

Hata hapo hakunigombeza. Aliomba mafuta ya kula kutoka jikoni, akayamimina juu ya ile dawa huku machozi yanamtoka. Mafuta yakawa meusi tii, harufu ikapungua. Ndipo akakubali kupelekwa hospitali.

Nilimfuata kesho yake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nikiangalia taa naona maduara ya rangi yakiizunguka." Akanigeukia. "Kijana, ungeniambia tu, nisingeingia."

Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu, na kazi ya hadubini ikamshinda. Kiti chake nikapewa mimi. Nilikikalia kwa aibu mpaka shamba lilipofungwa.

Mwanangu, kuharibu utaharibu, sote tumeharibu. Lakini ukiharibu, sema hapo hapo, sema ulichochanganya, kabla mwenzako hajaingia. Kufukuzwa kazi kunauma, ila kunapita. Mimi mzee Tluway alinisamehe siku ile ile, na bado naumia.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, ayalinde macho yako, na macho ya wote wanaokuamini.