Kochi Lililokatwa Miguu

Mama Mito akianza jambo hashikiki, mtaa mzima unalijua hilo. Jina alipewa na wateja wake. Ameshona mito ya makochi tangu akiwa msichana, na nyumba isiyo na mto wake, basi watu wake wanakalia mbao. Alipamba sebule za wenzake zikapendeza, na ya kwake ikabaki na pazia lililopauka na kochi kuukuu la mama mkwe lenye miguu mirefu kama ya korongo.

Sasa siku aliyosikia mama mkwe anarudi, akapandwa na wazimu wa sebule ya Kimoroko.

Wala wazo hilo hakulitoa hewani. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyewahi kunyoosha kidole kwenye televisheni, kikionyeshwa chumba cha namna hiyo: viti vya chini kabisa kuzunguka kuta, mito tele, zulia jekundu, taa za bati lililotobolewa matundu. "Hapo ningekaa, mtu asinitoe," alisema. Hayo aliyasema magoti yakiwa mazima. Baadaye goti moja likapasuliwa, binti yake akamchukua akamuuguze kwake, na miezi ikapita. Sasa huyo binti, yaani wifi yake Mama Mito, alikuwa anamleta, lakini kwa sharti. "Nitapakagua kwanza," alisema kwenye simu. "Nikiona hapamfai, naondoka naye siku hiyohiyo."

Wapo wake za watu ambao wangepiga vigelegele. Mama Mito alikuwa analia jikoni. Hakulelewa na mama yake. Umama wote anaoujua aliupata kwa yule bibi mkali, mbishi wa kila kitu hata chumvi. Bila yeye nyumba ilikuwa imepooza. Alimtaka arudi, basi.

Kazi ikaanza. Ukuta ukapakwa rangi ya udongo mwekundu, mume akichuruzika jasho juu ya ngazi. Mito ikashonwa, ya manjano na ya buluu, mpaka cherehani ikanuka moto. Likabaki kochi, limesimama katikati ya viti vya chini kama mgeni asiyekaribishwa kuketi.

"Tuliweke stoo," mume akasema.

"Kochi la mama liende stoo? Utamwambia wewe?"

Mama Mito akalilaza kochi chali, akashika msumeno mwenyewe, akakata miguu yote minne. Mume akajishika kichwa. "Haya, maji yameshamwagika."

Na goti je? Jamani, hakuna aliyelifikiria! Mtu ameshona mito umri wake wote, anajua kiti kinavyokalika. Jinsi ya kunyanyuka haikuwahi kuwa kazi yake.

Wakafika mchana. Bibi akasimama mlangoni na mkongojo wake, akatazama kuta, akatazama taa. "Ala! Hapa ndipo kwetu?" Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Wifi hakucheka, alikuwa akipitisha kidole kwenye taa kutafuta vumbi. Bibi akageuka, akajiachia kwenye kochi lake, akazama. Akaenda chini, akazidi kwenda.

Hapo ndipo Mama Mito alipoliona lile goti. Lilikuwa juu kuliko nyonga.

"Mama, twende tukaone chumba chako," wifi akasema.

"Nenda wewe. Mimi nimestarehe."

Wifi akaenda, akarudi. Chai ikaletwa, na bibi hakuigusa, yeye ambaye chai haimpiti. Mama Mito akaona mkono ukikandamiza mto, mwili ukijaribu kuinuka, ukarudi. Akaona mapaja yamebanwa. Safari ilikuwa ndefu, na bibi alitaka kwenda msalani.

Na asingesema. Huyu hospitalini alimfukuza muuguzi kwa kumshika kiwiko tu. Nyamaza, Mama Mito akajiambia, wifi akishaaga utamwinua. Lakini wifi alikuwa ameegemea, anasimulia habari za foleni barabarani, dalili ya kuaga hana. Kusema ni kumpoteza mama. Kunyamaza ni kumwacha aumbuke kwenye kochi lake mwenyewe, mbele ya watoto wake.

Bibi akafumba macho.

"Mama hawezi kunyanyuka," Mama Mito akasema. "Kosa ni langu. Kochi nimelikata miguu mimi, sikufikiria goti lake."

Mume akaangalia zulia.

"Nilijua!" Wifi akaruka. "Nilijua tu! Urembo, urembo, na mama yangu mnamtia shimoni. Mama, tunaondoka."

Mama Mito akapiga magoti mbele ya bibi, akainamisha shingo. "Nishike hapa, Mama. Usilikaze goti, nitavuta mimi."

Bibi akamkodolea macho, ungedhani atamzaba kofi. Kisha akaizungushia mikono yote miwili ile shingo, akaegemeza uzito wake wote. Wakainuka pamoja.

"Gari liko nje, Mama."

"Na likae hukohuko nje." Bibi alikuwa akihema. "Mwanangu, kwako viti ni virefu, nakushukuru. Lakini kwako nimejikojolea mara mbili nikisubiri mtu anione. Nikafua mwenyewe, na hukujua. Huyu nimekaa hapa hata chai haijapoa, ameshajua."

Wifi akakaa. Mkoba ukamteleza mkononi, hakuuokota.

"Mama," akaita, sauti imekuwa ya mtoto, "mbona hukuniambia?"

Bibi alikuwa ameshageukia mlango, mkono bado uko shingoni mwa mkwewe.

"Nitakuambia nikirudi," akasema. "Sasa hivi nina haraka, na huyu naye analia badala ya kutembea."