Mwenyeji na Jogoo Aliyeliwa Zamani

Mtaa mzima unamwita Mwenyeji, na asiyemjua hudhani labda ana nyumba za kupangisha. Nyumba aitoe wapi? Yeye na mumewe wamepanga vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Jina hilo alilipata kazini, kwenye ofisi yetu ya safari, ambako meza yake na yangu zimegusana, na alilipata kwa mdomo wake mwenyewe.

Ofisi yetu huuza safari moja kuliko nyingine zote: siku chache kwenye mji mkuu wa kale, ule wenye boma la wafalme juu ya kilima, kisha boti, kisha siku chache visiwani. Bosi husema mteja apate historia na mchanga mweupe kwa mkupuo mmoja. Vipeperushi tumebandika ukuta mzima hadi mlango wa choo. Lakini mteja wa kwetu hasomi kipeperushi, we! Mteja huvuta kiti, huweka mkoba mapajani, na kabla hajauliza kingine chochote huuliza hili: "Wewe mwenyewe umefika?" Ukisema hujafika, umekwisha. Atakushukuru kwa heshima zote kisha ahamie meza ya pili.

Zamani, kabla Mwenyeji hajaolewa, bosi alitutuma sisi wawili tukaone tunachokiuza. Siku ya kuondoka mwenzangu akaangushwa na homa, akabaki kitandani kwao wiki nzima. Nikaenda peke yangu. Niliporudi alinikalisha chini nimsimulie, na mtu yule akisikiliza hasahau. Nilimweleza mambo ya maana na ya kipuuzi: kwamba boti haikutikisika, kwamba ngazi za boma nilizipanda mbio mpaka juu na kushuka mbio, kwamba hotelini nililala chumba cha nyuma na kulikuwa na jogoo mmoja asiye na adabu aliyeniamsha kabla hakujapambazuka. Kesho yake mteja akamuuliza, umefika? Akanitazama, akasema, "Nimefika." Nikadhani anatania. Bosi alisikia, akacheka, akasema hiyo ndiyo biashara.

Tangu hapo, loo! Hakushikika. "Chukua chumba cha mbele, mama, cha nyuma kuna jogoo mkorofi." "Boti? Utalala usingizi humo." "Ngazi za boma? Unapanda huku unapiga soga." Nilikaa pale nikisikia safari yangu ikisimuliwa na mtu mwingine, na kinachoudhi ni kwamba aliisimulia vizuri kuliko mimi niliyekwenda. Wateja wakaanza kusema, huyu ni mwenyeji wa kule, na jina likaganda.

Nilimwonya. Nilimwambia, "Dada, njia ya mwongo ni fupi."

"Uongo uko wapi?" akanijibu. "Si wewe ulifika? Nimeongeza chumvi?"

Chumvi hakuongeza, hilo nampa. Ila alichukua habari pamoja na miguu yangu. Enzi hizo nilikuwa msichana wa kupanda ngazi kwa mchezo, sasa yeye wazee kwa vijana, wajawazito, wenye bakora, wote aliwapangia safari kwa miguu ile.

Basi mwaka huu mama mkwe wake akasema anataka kwenda. Ni muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi, amesimama maisha yake yote mpaka magoti yakamgomea. Akasema anataka kuuona huo mji wa wafalme na hiyo bahari angali anaweza kutembea. Watoto wake walitaka kumtafutia mtu wa kumwongoza. Akawakatalia katakata. "Kiongozi wa nini, nami nina Mwenyeji ndani ya nyumba? Nitakwenda na mkwe wangu." Na alimtangaza kila mahali, sokoni, kliniki, kwa fundi viatu: mkwe wangu kule ni nyumbani kwake.

Alikuja ofisini asubuhi moja amevaa gauni lake la kutokea, akaketi mbele ya Mwenyeji kama mteja mwingine yeyote, wakaanza kupanga. Usiku wa kwanza hoteli ya chini ya kilima, chumba cha mbele kwa ajili ya jogoo. Asubuhi boma. Kesho yake boti. Yote yalikwenda vizuri mpaka mama akainama mbele kidogo, akashusha sauti.

"Sasa mwanangu, niambie kweli. Haya magoti unayajua. Kule juu nitafika?"

"Utafika, mama. Ngazi zenyewe chache tu, tena kuna kivuli."

Nilikohoa. Nilikohoa tena mpaka bosi akachungulia. Mwenyeji hakunitazama.

Na siku za mwizi ni arobaini. Hapo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja mstaafu wa posta, mwenye bakora, ambaye Mwenyeji alikuwa amempangia safari ya kule majuzi na kikundi cha wenzake.

"Shikamoo mzee! Pole na safari! Umeuonaje mji wetu?" Mwenyeji akachangamka, maskini.

"Marahaba. Nimeona lango," mzee akasema.

"Lango, na boma?"

"Boma waliliona wenzangu. Mimi nilipanda mpaka pumzi ikakata, na nilikuwa sijafika hata nusu. Wakanikalisha kwenye jiwe, nikawalindia mikoba yao mpaka waliposhiba kuwaona wafalme." Hakupandisha sauti, na afadhali angefoka. "Sikulaumu, binti yangu, wewe una miguu mizima. Lakini kule hotelini nilidai chumba cha mbele kwa sababu ya jogoo, nikachekwa mpaka mwenye hoteli akaitwa. Jogoo yule aliliwa zamani. Huko mbele siku hizi wameweka jenereta, sikupata hata lepe la usingizi. Mwenye hoteli akaniuliza, huyo aliyekwambia habari za jogoo alifika hapa lini? Nikasema nikirudi nitamuuliza. Ulifika lini?"

Uso wa Mwenyeji ulishuka mpaka nikamwonea huruma, na mimi huruma huwa sigawi ovyo. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Aibu ile ilinipata hata mimi, nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Aliyejibu ni mama mkwe. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "mwanangu huyu alifika siku nyingi, kabla hajaja kwetu. Mambo hubadilika."

"Hata ngazi, dada, hubadilika?"

"Nazo huchakaa."

Mzee alimtazama, akaelewa kitu, akaaga. Mama mkwe akachukua mkoba wake. Akasema wataendelea Jumapili nyumbani kwake, wanawe wote wawepo, kisha akatoka akishikilia ukuta kwenye ile ngazi yetu moja ya mlangoni.

Ukifokewa na mkwe utalia, utanyamaza, yataisha. Lakini kusitiriwa na mkwe mbele ya mgeni, naye anajua kwamba anakusitiri! Mwenyeji siku hiyo hakula. Jioni akanijia na wazo lake.

"Jumapili twende wote. Wewe ndiye utaeleza, mimi nitasema sauti imekauka."

"Ikauke mpaka mrudi kutoka visiwani?"

"Nisaidie, dada yangu."

"Nikusaidie kudanganya au nikusaidie kusema?"

Nilikasirika, lakini nilikwenda. Rafiki humwachi njiani hata akiwa mjinga.

Sebuleni kwa mama mkwe tulimkuta yeye, mume wa Mwenyeji ambaye mimi namwita shemeji, na kaka mkubwa wa huyo shemeji. Chai imeshamiminwa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni miguu ya mama: amevaa raba mpya, nyeupe, kamba amezifunga kwa mafundo mawili.

"Mama amekuwa mwanariadha," shemeji akasema akicheka. "Kila asubuhi yuko gorofa la jirani, anapanda na kushuka. Jana nusura aanguke, akadakwa na mlinzi."

"Nafanya mazoezi," mama akasema. "Mkwe wangu aliniambia ngazi ni chache ili nisivunjike moyo. Ni moyo wake mzuri. Nami nikasema wacha nijifunge kibwebwe." Akamgeukia. "Haya mwanangu, waeleze ndugu zako. Tukishuka kwenye boti kule kisiwani, kuna gati au tunakanyaga maji? Kuna mahali pa mtu kama mimi kushika?"

Mwenyeji akanitazama. Mimi nikatazama raba.

"Sijui, mama," akasema.

"Hukumbuki?"

"Sijui. Sijawahi kufika." Sauti haikuwa imekauka hata kidogo, ilisikika mpaka jikoni. "Si mji ule, si visiwa. Nilikuwa naumwa. Aliyekwenda ni huyu hapa, nami nikasimulia ya kwake. Hata bahari sijaiona."

Kaka mkubwa akajitia kukoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Shemeji alicheka kwanza, akidhani ni mzaha, kisha kicheko kikamfia.

"Na ile siku ukawasimulia rafiki zangu jua linavyozama kule kisiwani? Mpaka mmoja wao akampeleka mkewe?"

"Jua lilikuwa la huyu," akasema Mwenyeji, akininyooshea kidole.

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji aliinuka akatoka uani, na tulimsikia akifungua na kufunga bomba bila sababu. Mwenyeji akaenda kupiga magoti mbele ya mama mkwe, macho chini, anang'ang'ania pindo la gauni lake mwenyewe.

"Nilijua pale pale ofisini," mama akasema. "Aliyefika angebishana na yule mzee. Wewe uliinamisha kichwa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nikwambie mbele za watu iwe nini? Nilikuwa nakusubiri uje uniambie. Zile ngazi za gorofa la watu nimepanda siku zote hizi nikikusubiri. Kila asubuhi nasema leo atakuja aniambie mama, acha, utaumia. Ukawa unaniona na raba hizi unaniambia hongera."

Hapo Mwenyeji alilia kilio cha mtoto, na mimi pia, sioni haya kusema. Maana ni kweli, ofisini aliniambia mama kanunua raba, na alilisema kama jambo la heri. Akaanza kuomba radhi. Mama akainua mkono.

"Yule mzee umeshamwomba?"

"Bado."

"Basi usianze na mimi."

Jumatatu alipiga simu kabla hata hajafungua dirisha. Meza zetu zimegusana, nilisikia kila neno. Alimweleza mzee wa posta yote bila kuzungukazunguka: sikufika, nilidanganya, ngazi sikuzijua, jogoo si wangu. Akamwambia atambembeleza bosi wampeleke tena, safari hii na mtu wa kumsaidia kupanda. Sauti ya mzee nayo ilisikika mpaka kwenye meza yangu.

"Binti yangu," akasema, "mimi kule sirudi. Miguu hii ilikuwa imebakiza safari moja, na nimeshaifanya. Ila wewe ukibahatika kufika, nitazamie. Nimekuwa nikijiuliza kule juu kuna nini."

Mwenyeji aliweka simu akaenda chooni. Maji yalimwagika humo muda mrefu, na mteja aliyeingia nikamwambia mwenzangu yuko karibu tu.

Sasa akiulizwa umefika, anajibu, "Sijafika. Mwenzangu huyu alifika, ila zamani, tena akiwa msichana. Ngoja tupige simu kule tuulize." Baadhi huhamia kwangu. Baadhi huinuka wakaenda zao, na bosi hununa mpaka saa ya kufunga. Kule nyumbani shemeji amerudi kuzungumza, japo kwa maneno ya kuhesabu. Na jina halitoki. Mwenye duka la rangi humpigia kelele kila asubuhi, "Mwenyeji, habari za kule?" na yeye huongeza mwendo bila kugeuka.

Juzi mama mkwe alikuja ofisini tena, raba kaziacha nyumbani, amevaa ndala. Akavuta kiti kile kile. Mwenyeji hakuweza kumtazama usoni, akamsomea alichokiulizia kwenye simu: chumba cha nyuma, sababu ya jenereta. Kisiwani hakuna gati, maji yakipwa boti husimama mbali, kwa hiyo amewaombea nafasi kwenye ile ya asubuhi, maji yakijaa. Ngazi za boma ni nyingi mno, hakuna kivuli, hakuna njia nyingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo boma tulitoe, mama?"

"Ulitoe kwa nini?"

"Huwezi kupanda."

"Mimi siwezi. Pale njiani si kuna jiwe la yule mzee? Utanisaidia kufika hapo, nitakaa nilinde mikoba. Wewe utaendelea mpaka juu." Mama akasogeza kiti. "Ukishuka utanisimulia, ukirudi utamsimulia na yeye. Ila safari hii, mwanangu, utusimulie ulichokiona wewe."

Mwenyeji akaitika, akachukua kalamu, na machozi yakimdondokea kwenye ratiba akaandika kwenye asubuhi ya siku ya pili, ile ya boma: mama anabaki jiweni.