Bomba Lisilocheka

Siku sanduku lilipofika stendi ya Mpanda kutoka Dar, nililipokea kama mtu anayempokea mwanawe aliyetoka shule ya bweni. Kondakta alitaka kulirusha chini kutoka kwenye buti la basi, nikampigia kelele mpaka abiria wakageuka. Nikalifungua palepale, juu ya benchi la muuza chai, maana subira ya kufika nalo nyumbani Majimoto sikuwa nayo. Muuza chai alisogeza chupa zake, akaniuliza kama ni bomu.

"Ni mashine ya kusawazisha midomo ya mabomba," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma, akanimiminia chai.

Ngoja nieleze, ingawa nikianza kuisifu mashine hii sina breki. Inafanana na drili kubwa ya mkononi, inatumia betri. Mbele ina taya zinazolibana bomba kwa nje, na katikati ya taya kuna kisu kidogo kinachozunguka. Unakaza kifundo taratibu, kisu kinauparua mdomo wa bomba pande zote mpaka unakuwa bapa kabisa, umenyooka sawasawa na bomba lenyewe. Chuma kinatoka kwa nyuzi ndefu zilizojikunja, kama ganda la chungwa likimenywa na mtu asiye na haraka. Hakuna cheche, hakuna makelele ya grinda. Nimechomelea mageti na matela ya ng'ombe maisha yangu yote, sijawahi kushika kitu kilichonifurahisha vile.

Karakanani kwetu, bomba lililokatwa upande tunasema linacheka. Ukilikutanisha na mwenzake, upande mmoja yanagusana na upande mwingine yanabaki wazi, kama mdomo wa mtu aliyetaniwa. Kwenye geti haina shida. Unajaza pengo kwa moto, unapaka rangi, mteja anaondoka anakushukuru. Kwenye maziwa ni balaa. Maziwa yanaingia katika lile pengo, yanalala humo, yanachacha, halafu yanayaharibu mapya yanayopita.

Ndicho kilichomkuta mama mkwe wangu. Yeye ndiye aliyewashawishi akina mama wenzake waanzishe kikundi cha kuchemsha maziwa na kuyauza kwenye pakiti. Walipata tenki, wakapata mabomba ya stenlesi, na fundi mmoja mpita njia akayaunganisha kwa grinda na jicho lake. Mabomba yote yakawa yanacheka. Maziwa yalichacha mara kwa mara hata kabla ya kufika sokoni, na akina mama wakachoka. Wakakubaliana kwamba yakichacha tena, tenki liuzwe na kila mtu arudi kwake. Wenzake walikuwa na pa kurudi. Mama mkwe magoti yake yameharibika, hawezi tena kutembeza ndoo ya maziwa kichwani. Lile tenki ndilo lililokuwa miguu yake.

Nilijitolea kuyarekebisha. Lakini mimi ni Mpimbwe, mwenyeji wa huku, niliyeoa kwa Wasukuma, kwenye familia iliyohamia hapa na ng'ombe wake, na kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hatupeani mikono, hatukai chumba kimoja, hatutazamani usoni. Hata shikamoo yangu hupelekwa na mke wangu, na marahaba hurudi kwa njia hiyohiyo. Sauti ya mama mkwe niliijua kwa kuisikia nyuma ya ukuta tu.

Siku ya kazi mke wangu ndiye aliyenishikia mabomba. Yalikuwa marefu, na mtu asiposhika upande wa pili, bomba linainama, mashine inakaa vibaya. Asubuhi tulikwenda vizuri mno. Nilikuwa naimba. Kila mdomo uliotoka niliupapasa kwa kidole na kumwita mke wangu aje naye aupapase, mpaka akaniambia, "Baba nanii, nimeshaona. Fanya kazi."

Likabaki bomba la mwisho. Ndipo zikapigwa kelele kwamba ng'ombe wameingia kwenye mpunga wa jirani. Mke wangu aliliachia bomba akatimua mbio, na akina mama wote nyuma yake na fimbo. Uwanja ukabaki mtupu. Maziwa ya jioni yalikuwa yanakaribia, na hakuna aliyebaki isipokuwa mwenye magoti mabovu.

Akaja. Alijifunika kanga kichwani, akanipa mgongo, akakinyanyua kichwa cha pili cha bomba. Nikaifunga mashine kwenye bomba, nikaiwasha. Nikapiga hatua mbele nione kama taya zimekaa sawa, na yeye, kusikia kishindo cha miguu yangu, akasogea mbali kidogo kwa heshima, pamoja na bomba. Nikavutwa. Nikarudi nyuma nijipange, akarudi naye. Tulizunguka uwanja namna hiyo, kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja na kila mmoja ana safari yake. Nilipofungua mashine, mdomo ulikuwa umekwenda upande. Lilikuwa linacheka mpaka jino la mwisho.

Hasira zangu ziko karibu sana. Lakini mama mkwe hafokewi, kwa hiyo nilimfokea kuku aliyekuwa anapita. Halafu nikainama nichungulie ndani ya bomba, na sauti ikatoka humo.

"Mkwe."

Nusura niangushe mashine.

"Mkwe, unasikia? Kuongea kwenye paipu siyo kukaa pamoja. Lete sikio."

Nikaleta sikio, kisha mdomo. "Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini hii kitu inaenda huku na huku?"

"Nikisogea mbele na wewe unasogea, mama."

Nilisikia pumzi yake ndani ya chuma.

"Basi ukitaka kusogea, sema kwanza. Mimi nitabaki hapahapa. Nitafumba macho."

"Sawa, mama."

"Mkwe." Sauti ikashuka. "Hili likicheka, mimi nimekwisha. Hao wenzangu wana miguu."

Nilimwambia halitacheka, nikaomba Mungu asinifanye mwongo, maana urefu uliobaki wa kuparua ulikuwa mdogo sana.

Nikafunga taya upya. "Nakuja, mama!" nikaita, nikasogea, na bomba halikutikisika. Nikarudi mahali pangu, nikawasha. Kisu kikanguruma kwa sauti ya chini, uzi wa kwanza wa chuma ukatoka mfupi, upande mmoja tu. Nikakaza kidogo. Uzi ukarefuka. Nikakaza tena, na sasa ukawa unatoka bila kukatika, mzunguko juu ya mzunguko, ukaning'inia mpaka kwenye kiatu changu! Nilipiga kelele ya furaha peke yangu. Upande wa pili mikono ya yule mama ilikuwa imetulia kuliko jiliwa langu la kubania vyuma karakanani.

Kipimo chetu ni jua. Unakutanisha mabomba mawili mdomo kwa mdomo, unatazama maungio. Mwanga ukipenya hata kidogo, linacheka. Niliyaweka juu ya meza na kurudi nyuma, lakini mama mkwe hakutaka kuhadithiwa. Alikuja mwenyewe upande wa pili wa meza, akafunua kanga, akainama. Nami, bila kufikiri, nilikuwa nimeshainama upande wangu. Jicho lake kule, langu huku, katikati maungio.

Hatukuonana. Hapakuwa na pa kuonea.

Mke wangu na wenzake walirudi na matope hadi magotini. Nikachomelea, wakasafisha kwa maji ya moto, maziwa ya jioni yakapita. Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi yakaenda sokoni.

Mchana niliitwa ukweni. Uani sikumkuta mtu. Ila kwenye ukuta wa jiko, ule wa fito na udongo, palitobolewa tundu, na ndani yake kilipachikwa kipande kifupi cha bomba kilichosalia jana. Mdomo wake niliutambua, niliuparua mwenyewe. Nikachuchumaa, nikaweka sikio.

"Mkwe, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Hayajachacha. Yameisha yote."

Nilishika lile bomba kwa mikono yote miwili, kichwa nimekiegemeza ukutani, machozi yananitiririka mchana kweupe.

"Mkwe? Umekula?"

"Bado, mama."

"Basi usiondoke," likasema bomba. "Nakupakulia."